Kituo Kimoja, Majina Matatu: Nani Alimiliki Televisheni ya Kusini mwa Uingereza?



Nianze kwa kuondoa utata. Ukitaja ITV mbele ya wasemaji wa Kiswahili, wengi huiwaza ITV ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1994 chini ya IPP ya marehemu Reginald Mengi. Leo simo huko. ITV ninayoizungumzia ni ya Uingereza, iliyoingia hewani London tarehe 22 Septemba 1955, na hizi mbili hazina undugu zaidi ya zile herufi tatu. Hata hiyo ya Uingereza sitaigusa yote. Nitakaa pembe moja tu, ukanda wa kusini unaotazamana na Ufaransa: Southampton, Portsmouth, Brighton, kisiwa cha Wight, kisha mashariki hadi Maidstone na Dover katika jimbo la Kent.

Nimeichagua pembe hiyo kwa sababu kati ya mwaka 1958 na 1993 mtazamaji wa Southampton alibadilishiwa kampuni ya televisheni mara mbili bila yeye kuulizwa. Kwanza ilikuwa Southern, ikaja TVS, ikafuata Meridian. Mara zote mbili mabadiliko yalifanyika usiku wa mkesha wa mwaka mpya. Alilala akiwa na kampuni moja, akaamka na nyingine, na taarifa ya habari ya jioni ikaendelea.

Basi kituo kile kilikuwa cha nani? Ukiuliza hivyo mtaani, utajibiwa kwa jina la tajiri fulani. Lakini kituo cha televisheni si mali moja. Kuna masafa, kuna mnara, kuna leseni, kuna hisa, kuna jina na nembo yake, na kuna kanda zilizorekodiwa. Kusini mwa Uingereza kila kimoja katika hivyo kilikuwa na mwenyewe, na siku ya kuachana kila kimoja kilishika njia yake.

Televisheni ya kibiashara ya Uingereza ilizaliwa na sheria ya mwaka 1954. Bunge halikutaka kumkabidhi mfanyabiashara mmoja nchi nzima, wala halikutaka BBC ibaki peke yake. Likaunda mamlaka ya umma, ITA, ambayo baadaye ilipoongezewa redio ikaitwa IBA. Mamlaka ndiyo iliyojenga minara, ikaimiliki na kuiendesha. Nchi ikagawanywa mikoa, na kila mkoa ukapewa kampuni yake kwa mkataba wa muda maalumu. Kampuni ilitengeneza vipindi, ikabadilishana vingine na wenzake wa mikoa mingine, ikauza matangazo ya biashara, na kuilipa mamlaka kodi ya kutumia minara. Ilikuwa mpangaji. Ingeweza kuwa mpangaji tajiri sana: Roy Thomson, Mkanada aliyeipata televisheni ya Scotland mwaka 1957, alijigamba kwamba leseni ile ni sawa na kibali cha kujichapishia noti. Lakini mpangaji ni mpangaji, hata akipaka nyumba rangi aipendayo.

Southern Television ilianza kazi tarehe 30 Agosti 1958, ndani ya jengo la sinema lililokuwa likiitwa Plaza, mtaa wa Northam mjini Southampton, kando ya mto Itchen. Studio mpya zilifunguliwa hapo jirani mwaka 1969. Mnara wa kwanza ulikuwa Chillerton Down, kisiwani Wight. Mwaka 1960 uliongezwa mwingine Dover, na Kent ikaingia.

Jina lenyewe linamaanisha ya kusini. Nembo ilikuwa nyota yenye ncha, mfano wa dira ya baharia, na ilipojitokeza kwenye kioo ilisindikizwa na gitaa, noti chache tu. Asubuhi matangazo yalifunguliwa kwa muziki ulioandikwa mahsusi kwa ajili ya kituo na Richard Addinsell, mtunzi yuleyule wa Warsaw Concerto. Fikirieni gharama na uangalifu huo: kampuni inayouza sekunde za matangazo ya sabuni inamwajiri mtunzi wa orkestra ili mkoa uwe na wimbo wake wa asubuhi. Na haikuwa peke yake. Anglia, kampuni ya mashariki, ilikuwa na sanamu ya fedha ya shujaa juu ya farasi, ikizunguka taratibu kwenye kisahani. Thames ya London ilionyesha majengo ya mji yakiakisiwa mtoni. Kwa kuwa vipindi vilibadilishanwa nchi nzima, mtoto wa Glasgow aliiona nyota ya kusini kabla ya kipindi, akajua, hata asipoelewa, kwamba kipindi kile kimetoka mahali fulani.

Vipindi vyenyewe vilikuwa na sura ya mahali. Jack Hargreaves alikaa katika kibanda chenye majembe, ndoano na hatamu, akieleza habari za shamba, mto na farasi, kwenye Out of Town. Kampuni ilirekodi opera za Glyndebourne, zinazochezwa katika bustani za Sussex. Watoto walipewa How, na mwisho mwisho wakapewa Worzel Gummidge, sanamu ya kufukuzia ndege inayopata uhai, ikichezwa na Jon Pertwee.

Sasa tufungue daftari la wanahisa. Kwa miaka mingi Southern ilimilikiwa na kampuni tatu. Rank, wakubwa wa sinema, walikuwa na asilimia 37.5. Associated Newspapers, wenye gazeti la Daily Mail, nao walikuwa na asilimia 37.5. Asilimia 25 iliyobaki ilikuwa ya D.C. Thomson, wachapishaji wa katuni za watoto za The Beano. Hawa Thomson, niwaambie haraka, si jamaa wa yule Roy wa noti. Wawili wa kwanza makao yao yalikuwa London, wa tatu Dundee, huko Scotland, mbali sana na Southampton. Katika wamiliki wa Televisheni ya Kusini hapakuwa na mtu wa kusini.

Nalisisitiza hili kwa kuwa wako Waingereza wa umri fulani ambao hadi leo wanaizungumzia Southern kama ndugu aliyefariki. Ninawaelewa. Lakini wanachokililia kilikuwa kwenye nembo, na kwenye nyuso za watangazaji, na kwenye sauti ya Hargreaves. Katika hisa hakikuwamo kamwe.

Kisa kimoja kinaonyesha vizuri jinsi mtazamaji alivyokuwa akiiona mali hii tofauti na ilivyokuwa. Jumamosi jioni, tarehe 26 Novemba 1977, kiasi cha saa kumi na moja na dakika kumi kwa hesabu ya saa ya Kiswahili, Andrew Gardner wa ITN, watengenezaji wa habari za ITV nzima, alikuwa akisoma habari. Picha ikatikisika, sauti ikaanza kukwaruza, na mahali pa msomaji ikasikika sauti nzito, ya polepole, ikijitambulisha kuwa inasema kwa niaba ya viumbe wa anga za mbali. Iliwaonya wanadamu waachane na silaha. Uso wa Gardner uliendelea kuonekana, midomo ikicheza, maneno si yake. Mambo yalikwenda hivyo kwa dakika kama sita, kisha zikaingia katuni. Watu wakashikwa na wasiwasi, wakapiga simu Southern. Southern ikaomba radhi.

Lakini mtambo ulioingiliwa ulikuwa wa Hannington, na Hannington haukuwa wa Southern. Ulikuwa wa IBA. Mnara ule ulipokea mawimbi kutoka mnara wa Rowridge, kisiwani Wight, kwa njia ya hewa, kisha ukayarusha upya. Mtu mwenye kifaa kidogo aliyesogea karibu nao aliweza kuifunika ishara halisi kwa yake. Aliyefanya hivyo hakukamatwa. Iliyowajibika kisheria ilikuwa mamlaka. Habari zenyewe zilitengenezwa na ITN, London. Southern haikuwa na mnara, wala habari zile, wala kosa. Ilikuwa na jina lililojulikana, na jina ndilo lililopigiwa simu. Hiyo ndiyo kazi ya nembo: inakusanya shukrani na lawama za mambo ambayo mwenye nembo hana mamlaka nayo.

Mikataba ilipokaribia kwisha, IBA iliamua kuichora upya ramani. Mkoa wa kusini ukawa mkoa wa pande mbili, Kusini na Kusini-Mashariki, kila upande ukidai habari zake. Mnara wa Bluebell Hill huko Kent ungehamishwa kutoka eneo la London uingie huku. Mamlaka ilitaka pia kampuni yenye mizizi mkoani, na hapo lile daftari la London na Dundee likawa kasoro. Tarehe 28 Desemba 1980, Jumapili, matokeo yakatangazwa. Southern, kampuni yenye faida, yenye studio nzuri na vipindi vinavyopendwa, ilikuwa imenyang'anywa mkoa. Mshindi alikuwa kundi lililoongozwa na mtayarishaji James Gatward, lililoomba kwa jina la South and South East Communications. Kabla ya kuanza lilijibatiza Television South, kwa kifupi TVS.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchungu usio na staha. TVS ilikuwa na leseni ya kesho bila jengo; Southern ilikuwa na jengo bila kesho. Walipatana bei ya studio za Northam, lakini wageni walihitaji kuanza kujiandaa kabla wenyeji hawajatoka, basi wakawekwa kwenye vibanda vya kuhamishika katika eneo la kuegesha magari. Wakurugenzi wa kampuni inayokuja walipanga ratiba zao kwenye makontena, huku madirisha ya kampuni inayoondoka yakiwatazama kutoka juu. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1981, katika kipindi cha kuaga, Richard Stilgoe aliimba wimbo wa kuwakejeli watu wa vibandani. Hakuna aliyeuzuia. Baada ya kwaheri ya mwisho nyota ya kampuni ikaanza kuzunguka, ikarudi nyuma, ikawa ndogo, ikapotelea miongoni mwa nyota nyingine, na lile gitaa likakoma.

Kesho yake kioo kilikuwa na mistari ya rangi iliyokusanyika ikawa ua la petali sita. Hapakuwa na dira wala baharia. TVS ilitaka kuonekana changa, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo. Ilijenga studio mpya Vinters Park, Maidstone. Kipindi chake cha habari, Coast to Coast, kilikuwa na matoleo mawili, moja la Southampton na lingine la Kent. Watu wa Kent, waliozoea kusikia foleni za magari za mji walioutembelea mara moja maishani, wakaanza kusikia habari zao kwa wingi zaidi. Sikilizeni chanzo cha hilo. Halikutokana na wema wa wanahisa wapya. Lilikuwa sharti la leseni.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema leo. Tunapojadili vyombo vya habari vya mikoani tunabishana sana juu ya uenyeji wa tajiri: ni wa kwetu au ni wa nje? Historia ya kusini mwa Uingereza inanifanya nitilie shaka mkazo huo. Wamiliki wa nje walitoa Out of Town kwa sababu mkataba uliwataka watoe vipindi vya mkoa na mamlaka ilikuwa na meno ya kuwang'ata. Na kundi lililoingia kwa tiketi ya uenyeji, kama mtakavyoona, miaka saba baadaye lilikuwa California.

Lilifikaje huko? Mkoa wa kusini ni tajiri. Watangazaji wa biashara walilipa vizuri kuwafikia watu wake, na TVS ikajaa fedha. Ila ndani ya ITV kulikuwa na wakubwa watano: Thames, LWT, Central, Granada na Yorkshire. Hao ndio waliogawana saa nzuri za jioni za taifa zima. TVS ilikuwa na mapato ya mkubwa na nafasi ya mdogo. Ilifanikiwa kupenyeza vichache, kama tamthilia za upelelezi za Ruth Rendell, na ilishirikiana na kina Jim Henson kwenye Fraggle Rock, lakini mlango ulikuwa mwembamba. Mtu mwenye fedha anayezuiwa nyumbani hutafuta soko ugenini. Mwaka 1988 TVS ikainunua MTM kwa dola milioni 320.

MTM ilikuwa kampuni ya Hollywood iliyoanzishwa na mwigizaji Mary Tyler Moore pamoja na mumewe wa wakati huo, Grant Tinker. Ndiyo iliyotoa Hill Street Blues. Nembo yake ilikuwa mzaha: pale ambapo MGM ina simba anayenguruma, MTM iliweka paka mdogo anayelia nyau. Kampuni ya Southampton ikajikuta inafuga paka wa Hollywood, na paka huyo alikuwa na njaa. Bei ya kuuza upya tamthilia ndefu kwa vituo vya Marekani ilikuwa inashuka, madeni yakapanda, hisa za TVS zikaporomoka. Mwaka 1991 Gatward mwenyewe, mwasisi, aliondolewa.

Miaka ile hisa za televisheni zilikuwa zinahama kwa kasi, na wakati mwingine mawimbi yake yalifika kwetu. Robert Maxwell, aliyekuwa na hisa katika Central ya Birmingham, ndiye aliyeingia ubia na chama cha KANU katika gazeti la Kenya Times, na kutokana na ubia huo kituo cha KTN kikazaliwa Nairobi mwaka 1990. Maxwell alifariki Novemba 1991. Nalitaja ili msidhani mambo haya ni ya mbali sana.

Kisha ukaja mnada. Serikali ya Margaret Thatcher iliona kwamba utaratibu wa mamlaka kuteua kampuni kwa busara zake, faraghani, haukuwa na hesabu inayoonekana. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1990 ikaivunja IBA, ikaunda ITC, na kuagiza leseni zitolewe kwa zabuni ndani ya bahasha zilizofungwa. Mwombaji alipaswa kwanza kuvuka kizingiti cha ubora wa vipindi. Waliovuka wakashindanishwa kwa fedha ambazo wangelipa kila mwaka. Minara nayo ikatenganishwa na mamlaka na kubinafsishwa. Leo iko chini ya Arqiva.

Matokeo yalisomwa tarehe 16 Oktoba 1991. Central, kwa kuwa ilinusa kwamba haina mshindani, iliweka pauni 2,000, ikapewa mkoa mzima wa katikati mwa nchi. Scotland nako zilitosha pauni 2,000. Kusini, TVS iliweka pauni milioni 59.758. Hilo lilikuwa dau la juu kuliko la washindani wake wote, na ikakosa. ITC ilisema kampuni haitaweza kulipa kiasi hicho na wakati huohuo kudumisha huduma iliyoahidi. Mkoa ukaenda kwa Meridian, iliyoweka milioni 36.523. Jirani wa magharibi, TSW, ilikataliwa kwa sababu kama hiyo, ikashtaki hadi Baraza la Malordi, ikashindwa.

Wako wanaousifu uamuzi ule kwamba uliokoa mkoa na mufilisi. Huenda. Mimi naona mnada ambao mwenye dau kubwa anafukuzwa kwa ukubwa wa dau lake, na mwingine anapata mali kwa bei ya gari bovu, umeshindwa kutimiza hata lengo lake lenyewe la uwazi. Busara ya mamlaka ilirudi kupitia mlango wa nyuma, safari hii ikiwa imevaa namba. Na TVS? Dau lake lilikuwa dau la mdaiwa. Bila leseni ilijua haina kitu, kwa hiyo kwake hakuna bei iliyokuwa kubwa mno.

Ilipokosa, ilibaki kampuni isiyo na kituo: studio, paka, na rafu za kanda. Mwaka 1993 ilinunuliwa na International Family Entertainment, kampuni ya mhubiri wa Marekani Pat Robertson. Studio za Maidstone zikatumika kurusha The Family Channel kwa watazamaji wa setilaiti, chaneli ambayo mwaka 1997 ilibadilika kuwa Challenge TV, ya michezo ya bahati na maswali. Mwaka huohuo kampuni ya Robertson ikauzwa kwa upande wa Rupert Murdoch, na mwaka 2001 Disney ikanunua fungu hilo. Hivyo vipindi vya TVS, pamoja na miaka kumi na moja ya maisha ya mkoa yaliyorekodiwa, vikafika kwa mwenye Mickey Mouse bila Mickey Mouse kuviomba.

Fikirieni maana yake kwa mtu anayetaka kurudisha hewani tamthilia moja ya mwaka 1984. Kanda anaweza kuipata. Lakini ili kuionyesha anahitaji kujua mwigizaji alilipwa kwa masharti gani, mtunzi wa muziki aliruhusu nini, mwandishi alijibakishia haki zipi. Majibu yalikuwa kwenye mafaili ya ofisi, na katika kuhama mkono hadi mkono sehemu kubwa ya makaratasi ya TVS ilipotea. Kanda bila mkataba ni mali isiyouzika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi za kampuni ile haijaonekana tena. Maktaba ya Southern nayo ilikwenda mbali, ikawa mali ya kampuni ya Australia, Southern Star, lakini angalau Worzel Gummidge ameendelea kuuzwa.

Kama kuna jambo ningewaomba wenzetu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na wa mamlaka ya mawasiliano ya Kenya walitazame, ni hili. Fomu za leseni huuliza sana habari za hisa. Ziulize pia: siku mtakapofungwa, kanda na mikataba yake itawekwa wapi? Gharama yake ni ndogo.

Meridian nitaipitia haraka, kwa sababu hadithi yake ni ya hesabu kuliko ya watu. Ilianza tarehe 1 Januari 1993 na nembo ya uso wa duara, nusu jua na nusu mwezi. Haikutaka kuwa na viwanda vya vipindi. Iliagiza kwa watengenezaji huru na kubakiza habari. Asilimia 65 ilikuwa ya MAI, kampuni ya fedha chini ya Clive Hollick, 20 ya Central na 15 ya SelecTV. Mwaka 1994 MAI ikainunua Anglia, kampuni iliyowahi kuwa na yule shujaa wa fedha. Mwaka 1996 MAI iliungana na wenye Daily Express wakawa United News & Media, mwaka 1997 wakaichukua HTV ya Wales, na mwaka 2000 Granada ikazinunua televisheni zote za United. Sheria ilikuwa inalegezwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilimezwa siku ilipotolewa.

Katika miaka hiyo yote mtazamaji hakuona tofauti, kwa kuwa jina halikubadilika. Mkoa ulikuwa umeuzwa mara kadhaa chini ya uso uleule wa jua na mwezi. Ilipofika tarehe 28 Oktoba 2002 mambo yakageuka: majina ya mikoa ya England yakaondolewa kwenye kioo, yakabaki mbele ya vipindi vya mkoa tu, na kote ikasomeka ITV1. Tarehe 2 Februari 2004 Granada na Carlton, kampuni nyingine kubwa ya ITV, zikaungana kuwa ITV plc. Mwaka huohuo wafanyakazi wa Meridian walihama Northam kwenda ofisi za Whiteley, nje ya mji, na studio za mtoni zikaja kubomolewa.

Malalamiko yalikuwa mengi juu ya nembo, nami nakubali kwamba kioo kilipoteza ladha. Lakini pigo lenyewe lilikuja Februari 2009, na halikuhusu nembo. Ofcom, iliyorithi kazi za ITC, ilikuwa imekubali kulegeza masharti ya habari za mikoa, na ITV plc ikapunguza huduma zake za habari kutoka 17 hadi 9. Kusini ikaunganishwa na bonde la mto Thames. Mhariri wa Whiteley akawa na nusu saa ileile ya kugawia eneo linaloanzia pwani ya Dorset hadi ng'ambo ya Oxford. Mmiliki alikuwa yuleyule wa mwaka uliotangulia, jina lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni mistari michache ya leseni. Mwaka 2013 baadhi ya habari za maeneo madogo zilirejeshwa, nazo zilirejea kwa makubaliano na Ofcom juu ya leseni mpya.

Leo leseni ya Kusini na Kusini-Mashariki bado ipo kama leseni ya peke yake, ijapokuwa ratiba karibu yote inapangwa London. Imeongezwa miaka kumi kuanzia tarehe 1 Januari 2025, na aliyeishika ni ITV Broadcasting Limited. Jina la Meridian linasikika kwenye taarifa ya habari ya jioni. Kampuni yenye jina hilo imekuwa ikiandikwa kwa msajili kuwa imelala, maana yake haifanyi biashara. Studio za Maidstone zina mwenyewe mwingine kabisa, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2013 BBC ilikwenda kurekodia humo kipindi cha muziki cha Jools Holland.